Vumbi Jeupe la Brashi

Kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe, miaka ya sabini, cheo cha mtu kilikuwa kwenye nguo yake. Hukuhitaji kuuliza. Mkata mkonge alivaa kaki iliyolowa utomvu, na utomvu wa mkonge ukishaingia kwenye kitambaa hautoki tena: asubuhi ni unyevu wa kijani, jioni umekuwa kahawia, na baada ya mwezi shati zima lina rangi moja ya matope, gumu kiasi kwamba ukiliegemeza ukutani linasimama. Watu wa korona, ile mashine inayosaga majani na kutoa nyuzi, walirudi wamelowa maji ya kijani mpaka magotini. Mnyapara naye alivaa kaki, lakini ya kupigwa pasi, yenye mstari mbele. Karani wa mizani alivaa shati jeupe lenye kalamu mfukoni, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa chini ya paa, jioni lilikuwa bado jeupe. Juu ya wote alikuwa meneja: shati jeupe, kaptula nyeupe, soksi nyeupe zilizovutwa hadi gotini, desturi aliyoikuta kwa Wazungu akaiendeleza.

Mama yangu alifanya kazi brashi. Hilo ni banda ambamo katani iliyokwisha kukauka juani hupitishwa kwenye ngoma inayozunguka kwa kasi ili inyooke na kung'aa kabla ya kufungwa marobota. Banda letu lilikuwa refu, na madirisha yake madogo yalikuwa juu, karibu na bati. Vumbi linalotoka kwenye ngoma ile ni jeupe, lenye umanjano kidogo, jepesi, na haliendi chini haraka. Linaingia masikioni, kwenye kope, kwenye kila mkunjo wa nguo. Mama alijifunga kanga moja kiunoni na ya pili kichwani mpaka puani, na bado akirudi alikuwa na nyusi nyeupe na mikono myeupe hadi viwikoni. Mdogo wetu wa mwisho, akiwa bado hajajua kusema vizuri, alikuwa akimkimbia mlangoni mpaka anawe. Tulikuwa tunamwekea ndoo nyuma ya nyumba. Akishanawa, maji yale yanabaki na utando juu, na mama anakohoa kwa muda kabla hajasalimia mtu. Kikohozi hicho wenzake wote walikuwa nacho. Kambini tulikiita kikohozi cha brashi na tulidhani ni sehemu ya kazi.

Weupe wa meneja ulitoka kwa dobi, kwa sabuni, kwa buluu ya kufulia, kwa wanga na pasi ya mkaa. Weupe wa mama ulitoka kwenye ngoma. Kulikuwa na weupe wa aina mbili pale shambani, na mmoja ulikuwa unamlipia mwingine. Hilo nililiona kwa macho kabla sijawa na umri wa kulisema, na nimeishi nalo tangu hapo.

Mgeni anayepita na treni kutoka Tanga kwenda Moshi aliona kitu kingine kabisa, na namwelewa. Aliona mistari ya mkonge iliyopangwa mpaka upeo wa macho, kijani chenye vumbi la fedha, kisha viwanja vya kuanikia ambako katani hutundikwa kwenye nyaya safu baada ya safu, nyeupe pe, ikipepea. Ni mandhari mazuri, sitasema vinginevyo. Sisi watoto tulikatazwa kukimbia katikati ya nyaya zile na tulikimbia hata hivyo. Lakini jani la mkonge lina katani asilimia nne hivi. Kilo 100 za majani anazokata baba, akazifunga mabunda ya majani 30, akazipanga kando ya reli ya troli, zinatoa kilo nne za ule weupe. Zilizobaki ni ute wa kijani unaomwagwa mferejini, unaochacha na kunuka, na kambi zetu zilijengwa upande ambao harufu ile ilikuwa inakuja.

Mmea wenyewe ulikuja kwa meli. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika hai ilikuwa 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Reli iliyoanzia Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, na mkonge ukaifuata reli. Kufikia 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 230,000 za katani kwa mwaka na kuongoza dunia nzima. Takwimu hiyo tuliikariri shuleni kwa fahari, na ilikuwa fahari ya kweli. Wakataji walikuwa Waha kutoka Kigoma, Wabena, Wangoni, Wamakonde, Warundi, watu walioandikishwa kwa mkataba makwao na kuitwa manamba. Kuanzia 1944 waliletwa na shirika la wenye mashamba la kuandikisha vibarua, SILABU. Baba yangu alikuja hivyo miaka ya hamsini, kijana wa Kiha. Alisafiri kwa treni hadi Morogoro, kisha kwa lori lililopita Handeni usiku. Handeni yenyewe hakuiona siku ile. Aliiona miaka baadaye alipokwenda kuposa.

Wazigua na Wasambaa, wenyeji wa nchi ile, hawakupenda kukata mkonge. Walikuwa na mashamba yao, na walimtazama manamba kama mtu asiye na ukoo. Babu mzaa mama, Mzigua wa Handeni, alipoambiwa kwamba bintiye anaposwa na mtu wa kambini, inasemekana aliuliza swali moja tu: anavaa nini? Wajumbe wakamjibu kwamba kijana ana kanzu. Kanzu ile baba alikuwa ameazima. Alikwenda Handeni akiwa mweupe kuanzia mabegani mpaka vifundoni, akakubaliwa, na akairudisha kwa mwenyewe Korogwe siku iliyofuata.

Babu hakubuni kipimo kile. Pwani yote ya Waswahili, na njia zote za misafara zilizopanda kutoka Pangani kuingia bara, zilikijua. Mwungwana alivaa kanzu nyeupe na kilemba. Mtumwa alivaa kaniki, nguo nyeusi ya bei ndogo isiyoonyesha uchafu, au kipande cha amerikani kisichotiwa rangi, pamba iliyoshushwa Unguja na meli za Salem, Massachusetts, tangu miaka ya 1830. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha kaniki upesi wakashika kanga za rangi, na hakuna aliyewaamrisha. Bibi yangu wa Handeni, ambaye hakuwahi kuwa mtumwa wa mtu, alikuwa na kaniki ya kulimia tu. Akitoka shamba huivua kabla hajafika barabarani, anaikunja ndani ya kikapu, anavaa kanga. Nilipomuuliza kwa nini asifike nayo nyumbani ndipo abadilishe, aliniambia, "Mume wangu, watu wakikuona nayo njiani wanakupa historia isiyo yako."

Baba alipofika shambani, mwenye shamba alikuwa Mgiriki. Wagiriki walikuwa wengi katika mkonge wa Tanganyika. Wengine walinunua mashamba ya Wajerumani yaliyonadiwa baada ya Vita vya Kwanza. Nyumba yao ilikuwa juu ya kilima, imepakwa chokaa, na chini yake nyumba za makarani wa Kihindi, kisha za wanyapara, kisha kambi zetu, ambazo moshi ulikuwa umezipaka rangi yake. Mji wa Korogwe nao ulipangwa hivyo hivyo, na miji yote ya wakati ule: kulikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, rangi ya ngozi ikawa ramani. Azimio la Arusha la 1967 likataifisha mashamba mengi. Meneja aliyepanda kile kilima baadaye alikuwa Mwafrika, na watu wa kambini walimpigia vigelegele. Nataka nilitendee haki Azimio: ndilo lililonipeleka shule bila ada, mtoto wa manamba, nikakaa dawati moja na mtoto wa karani. Lakini chokaa ya nyumba ile ilipakwa upya kila mwaka kama zamani, na madirisha ya brashi yalibaki palepale karibu na bati.

Mama mdogo wangu alikuja kukaa nasi kutoka Handeni nikiwa darasa la tatu au la nne. Alipata kazi ya kuanika. Alikuwa msichana wa miaka kama kumi na minane, mcheshi, mwenye sauti ya juu, na aliamua tangu mwezi wa kwanza kwamba atanunua gauni la krimplini. Aliliona kwenye duka moja Manundu, Korogwe mjini. Lilikuwa la njano, njano iliyoiva, yenye kola nyeupe na vifungo vikubwa. Sitalisahau lile gauni. Alilinunua kwa malipo ya miezi kadhaa, na jioni ya kwanza aliyolivaa alikwenda nalo kwenye dansi ya klabu ya shamba, ambako bendi kutoka Tanga ilikuwa imekuja kupiga. Wakati ule Tanga ilikuwa mji wa Jamhuri Jazz na Atomiki Jazz, na bendi ndogo ndogo zilizowaiga zilizunguka mashambani kila mwisho wa mwezi.

Kambini kote aliposhuka nalo watu walitoka milangoni kumtazama. Hakukuwa na kitu chenye rangi ile katika njia ile; hata maua hayakuwapo. Alirudi mapema kuliko tulivyotegemea. Mke wa mmoja wa wakubwa, naye akiwa amevaa krimplini, alikuwa amesema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa wapiga gitaa: "Siku hizi mpaka manamba wanavaa njano." Mama mdogo hakuwa hata manamba, alikuwa binti wa Kizigua mwenye kwao, saa chache tu kutoka pale. Alilikunja gauni. Siku ya pili alikuwa kwenye nyaya, anaanika, na kwa muda mrefu hakuimba. Mwaka uliofuata alihamia Tanga mjini na gauni lake, na huko alilivaa mpaka likachakaa.

Jirani yetu wa mlango wa tatu alikuwa Muha mwingine, mkubwa kwa baba, ambaye sisi watoto tulimwita baba mkubwa. Mkataba wake ulikuwa umekwisha kabla ya Uhuru. Nauli ya kurudi aliila, akasubiri nyingine, haikuja. Jioni nyingi alitembea mpaka stesheni ya Korogwe na wakati mwingine alinichukua. Tulikaa kwenye benchi la mbao kungojea treni ya usiku. Kilichomvuta ni taa. Treni ikiwa tayari kuondoka, gadi husimama nyuma na kuinua taa yake iliyogeuzwa upande wa kijani, na baba mkubwa alikuwa anaitazama taa ile mpaka inapotea kwenye kona. Mwaka 1963 ilikamilika reli ya kutoka Mnyusi hadi Ruvu inayounganisha njia ya Tanga na Reli ya Kati, na alinieleza jambo hilo kila tulipokaa pale: kwamba chuma kile kilichokuwa mbele ya miguu yetu hakikatiki popote mpaka Kigoma, ziwani. Alikijua kila kituo kwa jina. Hakupanda.

Kitabu kilinikuta na yote hayo. Ilikuwa miaka ya themanini katikati, niko Chuo cha Ualimu Korogwe, na mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na kabati la vitabu vyake binafsi alivyoazimisha kwa kuandika majina kwenye daftari. Alinipa *The Great Gatsby* ya F. Scott Fitzgerald, iliyotoka mwaka 1925, ikiwa haina jalada. Ni riwaya fupi. Gatsby, mtoto wa wakulima maskini wa North Dakota, amepata utajiri kwa njia za giza. Amenunua jumba kando ya maji karibu na New York ili awe mkabala na nyumba ya Daisy, mwanamke aliyempenda zamani na ambaye sasa ni mke wa tajiri wa kurithi, Tom Buchanan. Usiku anasimama nje kuitazama taa ya kijani iliyoko kwenye gati la kina Daisy, ng'ambo ya ghuba.

Nilipofika kwenye taa ile niliweka kitabu chini. Wasomi wameandika mengi juu yake: kwamba ni tumaini, ni pesa, ni ndoto ya Marekani. Mimi nilimfikiria baba mkubwa pale kwenye benchi, na bado naamini kwamba alinisaidia kuielewa taa ya Gatsby kuliko mhakiki yeyote niliyemsoma baadaye. Gatsby anatazama mbele, lakini anachokitaka kiko nyuma yake, miaka mitano nyuma, na hakuna gati linalofika huko.

Lakini kilichonishika zaidi kilikuwa sura ya pili. Kati ya majumba ya matajiri na jiji, Fitzgerald ameweka bonde la majivu. Alilichukua kwenye maisha: jivu la makaa ya mawe ya majiko ya Brooklyn lilibebwa kwa treni na kumwagwa Corona, huko Queens, jina lile lile la mashine yetu, mpaka likawa vilima. Humo anaishi George Wilson, fundi wa magari, na mwandishi anaeleza kwamba vumbi jeupe la majivu limemfunika nguo na nywele, limefunika kila kitu pale isipokuwa mkewe. Sura iliyotangulia tumemwona Daisy na rafiki yake wameketi kwenye kochi, wamevaa nyeupe, magauni yao yakipepea kwa upepo wa dirishani. Nyeupe na nyeupe. Nilisoma nikiwa Korogwe, kilomita chache kutoka banda la brashi, na nilikuwa najua kwa hakika kwamba mtu huyu, Mmarekani aliyekufa mwaka 1940 akidhani kitabu chake kimesahauliwa, alikuwa ameona kile nilichokiona mlangoni kwetu, kwamba rangi moja inaweza kuwa vazi la mmoja na adhabu ya mwingine.

Kisha mkewe Wilson, Myrtle, yule ambaye vumbi halimgusi. Anamtaka Tom kwa sababu Tom ni njia ya kutoka bondeni. Akifika jijini anabadilisha nguo, anaacha teksi zipite mpaka aione yenye rangi anayoitaka. Wahakiki wengi wanamwona mshamba. Mimi siwezi. Nilimwona mama mdogo anashuka njia ya kambi. Na Tom anapomdharau Gatsby kwa suti yake ya waridi, hana ugomvi wowote na waridi. Ugomvi wake ni kwamba aliyelivaa ametoka chini. Mke wa yule mkubwa pale klabuni naye hakuichukia njano, kwani mwaka ule ule alikuwa nayo ya kwake.

Kuna mambo mawili ambayo msomaji wa Korogwe anayaona na pengine wa kwingine anayaruka. La kwanza ni Michaelis, kijana Mgiriki mwenye mgahawa mdogo kandokando ya majivu, jirani pekee anayekesha na Wilson usiku ambao Myrtle anagongwa na gari na kufa. Katika New York ya 1922 Mgiriki alikuwa bondeni. Katika Korogwe ya miaka ile ile Mgiriki alikuwa akipanda kilimani kuchukua mashamba ya Wajerumani, ingawa Waingereza wa klabu hawakumhesabu kuwa mwenzao kamili. La pili ni watu weusi. Wamo, lakini kwa kupita tu: watatu ndani ya gari la fahari linaloendeshwa na mzungu juu ya daraja, ambao msimulizi anawacheka. Yuko pia mmoja aliyevaa vizuri, anayejitokeza baada ya Myrtle kugongwa na kusema kwamba gari lililomgonga lilikuwa la njano. Yeye ndiye shahidi wa rangi ile, na baada ya tukio lile, kitabu hakimtaji tena. Hilo liliniuma na bado linaniuma. Fitzgerald, aliyelionyesha jivu kwa jicho kali namna ile, hakugeuka kumtazama shahidi wake.

Nilipelekwa kufundisha Handeni mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kutoka Korogwe ni kilomita 65 hivi, na wakati ule barabara ilikuwa ya vumbi jekundu tupu. Ukifika Chanika, mjini, uso, begi na kola ya shati vimekuwa vya rangi moja na ukuta wa duka. Handeni ni nchi ya mahindi mvua ikinyesha na ya kusubiri ikikataa. Maji ya mji yalisukumwa kwa mabomba kutoka mto Pangani upande wa Korogwe, mto ule ule wa utoto wangu. Bomba likikauka, wasichana walianza safari na ndoo kabla ya jua. Na sare ya shule ilikuwa shati jeupe. Mwalimu wa zamu alikagua kola asubuhi. Ulikuwa unaweza kujua nani kwao wana tangi la maji, nani kwao wana punda, na nani anabeba kichwani, kwa kutazama mstari wa wanafunzi gwarideni. Nilipopata zamu, ukaguzi wa kola niliuacha. Nilitazama kucha na madaftari.

*Gatsby* haikuwamo kwenye muhtasari. Niliisoma na kikundi cha wanafunzi waliopenda Kiingereza, jioni, kwa mwanga wa karabai, nakala ni moja. Nilisoma aya, nikaeleza kwa Kiswahili, tukajadili. Bonde la majivu halikuwasumbua hata kidogo. Handeni inachoma mkaa, na kijana mmoja ambaye familia yake ilikuwa na matanuri alieleza vizuri kuliko mimi jinsi mtu anavyokuwa baada ya kufukua tanuri: jivu linashika jasho, na ukijipangusa unalipaka zaidi. Tulipofika pale Gatsby anapomwonyesha Daisy mashati yake, ya rangi ya matumbawe, ya kijani cha tofaa, ya zambarau hafifu, akiyarusha mezani mpaka yakawa lundo na Daisy akainamisha kichwa humo akalia, darasa lilichangamka ghafla. Walikuwa wameuona mnada. Mitumba ilikuwa imeruhusiwa miaka michache kabla, na siku ya mnada robota likifunguliwa Handeni, mashati ya ng'ambo yanarushwa juu ya turubai kwa rangi zile zile, watu wanayazamia mpaka mabega. Walimwelewa Daisy papo hapo. Msichana mmoja alisema hata yeye angelia.

Ni msichana huyo huyo aliyeuliza, siku nyingine, swali ambalo sikuwahi kulisoma katika uhakiki wowote: "Mwalimu, nguo za Daisy anafua nani?"

Tukarudi nyuma kutafuta. Tulipekua sura kwa sura. Hayupo. Tuliwapata wengine. Kuna watumishi wanane wanaohangaika Jumatatu nzima kusafisha uharibifu wa karamu ya Gatsby, wakiwa na brashi za kusugulia na nyundo. Kuna mashine ya kukamulia machungwa, inayoweza kutoa maji ya machungwa 200 kwa nusu saa ikiwa kitufe chake kitabonyezwa mara 200 na kidole gumba cha mtumishi. Hapo wanafunzi walisimama muda mrefu. Wengi wao walikuwa wamebeba machungwa ya Muheza kwenye mabasi wakati wa likizo, na mmoja alianza kubonyeza dawati kwa kidole akihesabu kwa sauti, wenzake wakamfuata, mpaka kidole kikachoka kabla ya mia. Kuna mama wa Kifini anayempikia msimulizi, ambaye kwake ni kwenye vichochoro vya chokaa vilivyolowa mvua. Jina lake hatupewi. Na mfuaji wa zile nguo nyeupe, ambazo bila yeye Daisy asingekuwa Daisy, hana hata mstari.

Nikawapa kama zoezi: andika ukurasa mmoja juu ya mtu anayefua nguo za Daisy. Kijana wa matanuri alimfanya mfuaji mwanamume, dobi, mwenye mikono iliyobabuka kwa magadi, na akaeleza hatua zote za kutia buluu, kiasi gani, maji mangapi, kwa sababu ukizidisha nguo inakuwa na mabaka. Mwingine alimpa mfuaji mtoto anayesoma. Msichana aliyeuliza swali aliandika kwa Kiingereza cha kubabaisha na hoja iliyonyooka kabisa. Mfuaji wake anakaa bondeni, jirani na Wilson. Kila asubuhi anapanda treni kwenda upande wa majumba, na kabla hajagusa nguo ya mtu anaanza kwa kujiosha mwenyewe kwa maji ya tajiri, mara mbili, kwa sababu akikosea vumbi lake litahamia kwenye gauni na atafukuzwa. Jioni anarudi mweupe tena kabla hajafika mlangoni.

Niliusoma ukurasa ule mbele ya darasa. Kisha nikawasimulia juu ya brashi, juu ya ndoo nyuma ya nyumba na mdogo wangu akikimbia, mambo ambayo sikuwa nimemweleza mtu yeyote Handeni, mahali ambapo ndugu wa mama yangu walikuwa bado wanasema kwamba dada yao aliolewa vizuri, na mtu wa kanzu. Wakaniuliza kama mama yuko hai. Yuko, nikasema, na anakohoa bado. Tukaendelea na sura ya nane.